Shajara ya kikundi chetu cha wazee: mifupa, usipa na njia ya chooni

Rungwe, 2025

6 Februari

Tumeanza. Mvua ilishika tangu alfajiri na wa ng'ambo ya kijito wameshindwa kuvuka, lakini wazee 17 wamefika kwenye ukumbi wa kanisa, kina mama 13 na kina baba wanne. Wote wamevuka 60. Mimi nina 61, kwa hiyo nimepanda mzani pamoja nao na jina langu limo daftarini.

Tutakutana Alhamisi, kila baada ya wiki mbili. Kwanza vipimo: uzito, urefu, presha. Wakati huo kila mmoja anapata dakika zake pembeni, na mimi au na mhudumu wa afya wa kitongoji, kusema yale yasiyosemwa mbele za watu. Baadaye mazoezi, kisha uji na mazungumzo. Mganga mfawidhi wa zahanati atakuja mara moja kwa mwezi. Sababu ya kuwahudumia kwa kundi naijua vizuri, maana nimekuwa muuguzi miaka 34: mzee akija peke yake anaondoka na diklofenaki ya kutuliza maumivu na neno moja, "uzee". Akiwa na wenzake anauliza, na asipouliza yeye atauliza aliyekaa jirani.

Wengi wamekuja kwa ajili ya magoti. Imebidi niseme mapema kwamba magoti kusagika ni jambo moja na mifupa kupungua ni jambo jingine. Kusagika kunauma kila siku. Mfupa unaopungua hauumi, unakaa kimya miaka mingi mpaka siku mtu anajikwaa kizingitini na kifundo cha mkono kinavunjika. Nilibeba kipande cha boriti kilicholiwa na mchwa, nikakipitisha mkono kwa mkono. Nje kizima, ndani vitundu. Bibi mmoja akakipima kiganjani, akasema, "Na sisi tunalala chini ya boriti kama hii." Nikaeleza kwamba mfupa ni kitu hai: kila siku mwili unabomoa kidogo na kujenga kidogo, na mwanamke akikoma hedhi kubomoa kunaenda mbio kuliko kujenga. Wanaume nao hupungukiwa, ila polepole zaidi. Duniani inakadiriwa kwamba katika wanawake waliovuka 50, mmoja kati ya watatu atavunjika mfupa kwa sababu hii, na kwa wanaume ni mmoja kati ya watano.

Mwishoni nikauliza nani ameanguka ndani ya mwaka uliopita. Mkono mmoja. Nimeandika 1, lakini siamini.

20 Februari

Hapa kijijini hatuna mashine ya DXA, ile inayopima mfupa kwa mionzi. Tumetumia hesabu ya kalamu iitwayo OSTA: chukua kilo za mtu, toa miaka yake, zidisha kwa 0.2. Mama mwenye kilo 46 na miaka 74 anapata −5.6. Aliye chini ya −1 aangaliwe, aliye chini ya −4 aangaliwe kwanza. Hesabu hii ilitokana na takwimu za wanawake wa Asia waliokoma hedhi, kwa hiyo kwetu ni chekeche tu ya kuamua nianze na nyumba ipi. Kina baba sikuwahesabia.

Kilichonifundisha zaidi leo ni nguo. Nilikuwa napima urefu na kuulinganisha na upana wa mikono iliyonyooshwa, kwa kuwa ujanani viwili hivyo hukaribiana. Mtu akifupika huku mikono imebaki ilivyokuwa, huenda pingili za mgongo zimeshuka. Fundi cherehani wetu alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumbe ndiyo maana." Magauni yake ya kitenge, aliyoyakata mwenyewe kwa kipimo cha kifundo cha mguu, sasa yanaburuta mbele na kupanda nyuma. Wenzake wakainama kuangalia pindo zao. Sikuwahi kufundishwa hilo darasani. Nimeliongeza kwenye fomu: pindo linaburuta mbele?

Tukamaliza kwa ukuta. Visigino na mgongo vishike ukuta, kisogo nacho kiguse. Wanne hakikugusa.

Kisha kiti: kaa, simama, tembea mita 3, geuka, rudi, ukae tena. Anayetumia sekunde 12 au zaidi yuko karibu na kuanguka. Kati yetu 17, walioifikia ni 11.

27 Februari

Nyumba sita kwa siku mbili, na hapa ndipo nimepata jibu la ule mkono mmoja. Bibi anayeuza ndizi ana kovu bichi juu ya nyusi. Babu aliyekuwa seremala anatembea ameshika kiuno. Mama mfugaji alifunga kanga mkononi, akasema alijigonga bandani. Nilikaa jikoni kwa kila mmoja mpaka chai ikaisha, ndipo yakatoka.

Bibi wa ndizi: mwanawe aliyeko Mbeya mjini ameapa kwamba akisikia tena mama kaanguka anakuja kumchukua akakae naye Mwanjelwa, chumba kimoja, bila shamba wala mgomba. Babu anaogopa kuzuiwa kupanda ngazi ya darini. Mama mfugaji alisema neno ambalo nimelala nalo: "Nikisema nimeanguka leo, kesho mimi ni mgonjwa. Ng'ombe ataangaliwa na nani?"

Hawa wazee wana hesabu zao na hesabu hizo zina akili. Swali langu la kwanza ndilo lilikuwa baya. Liliwataka wajitaje wenyewe, na malipo ya kujitaja ni kunyang'anywa jembe.

6 Machi

Leo sikumuuliza mtu kama ameanguka. Nilibandika karatasi ya manila ukutani, nikachora barabara, kanisa, bomba la maji na kijito, nikauliza: katika kijiji hiki, ni wapi panapoteleza?

Ukumbi ulifumuka. Njia ya bombani, pale penye mizizi ya mparachichi. Daraja la magogo. Ngazi za kanisa lenyewe, ambazo hazina pa kushika (mzee wa kanisa aliinamisha kichwa). Lakini jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote ni njia ya chooni, usiku, mvua ikinyesha. Choo kiko nyuma ya nyumba, chini ya mteremko kwa sababu mlima haukuacha pa tambarare, udongo wetu wa volkano ukilowa ni kama sabuni, na mtu ametoka kitandani na ndala zilizolika upande mmoja, tochi ya simu mkono mmoja na mwingine umeshika kanga. Tulihesabu njia za vyoo 12 ambazo mwenyewe anazitaja kwa hofu.

Na katika kutaja mahali, wakataja siku. "Hapo nilikwenda chini mwezi wa kumi na mbili." "Hapo na mimi." Nimeandika saba bila kumuuliza mtu hata mmoja.

20 Machi

Siku ya chakula, na nimerudi nyumbani na mengi kuliko niliyokwenda nayo.

Rungwe ni nchi ya maziwa. Nyumba tisa za wanakikundi zina ng'ombe bandani. Nikauliza nani alikunywa maziwa jana: wawili, tena yale ya kupaka chai rangi. Kikombe cha robo lita kina kama miligramu 300 za kalsiamu, madini yanayojenga mfupa, na mzee anahitaji kati ya 1,000 na 1,200 kwa siku. Nilikuwa nimejiandaa kuwahimiza. Mama mfugaji akaniuliza kwa upole, "Dada, maziwa ya asubuhi ndiyo ada ya mjukuu. Nimnywe mjukuu?" Sikumjibu haraka, na nashukuru sikumjibu haraka.

Kina mama ndio waliotoa njia. Maziwa ya jioni kwetu hayaendi kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Kikombe kimoja cha jioni kitengwe kwa jina la mzee wa nyumba, kimwagwe kwenye kibuyu chake, kigande. Mtindi pia unawafaa wale ambao maziwa mabichi au ya moto huwavuruga tumbo.

Kisha usipa. Wanatoka Ziwa Nyasa, Kyela siyo mbali, na hapa sokoni hawakosekani. Samaki huyu analiwa mzima na miba yake, na kalsiamu iko kwenye miba. Tatizo ni meno. Bibi wa ndizi akatufundisha: wakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha, weka unga kwenye kopo lenye mfuniko. Kijiko kimoja kwenye maharage, kimoja kwenye mbalaga, ndizi zetu za kupika. Nimejaribu leo usiku. Harufu ni kali siku ya kwanza, lakini ladha ni nzuri.

Mboga: mchicha una kalsiamu, ila una asidi ya oksaliki inayoishika isiingie mwilini vizuri. Figiri na chainizi vinatoa zaidi. Sikuwakataza mchicha. Niliwaomba wapokezane.

3 Aprili

Mazoezi yamepata mwendo. Tunafuata mtindo wa Otago, uliotengenezwa Nyuzilandi kwa ajili ya wazee kufanyia nyumbani. Kwenye majaribio ya huko ulipunguza kuanguka kwa karibu theluthi moja. Kusimama kutoka kitini bila kushika, kuinuka kwa vidole vya miguu, kutembea kisigino kikigusa ncha ya mguu wa nyuma, kusimama mguu mmoja ukishika kiti. Kuhesabu hadi kumi kuliwachosha. Kwaya ya kina mama ikaleta pambio, na ubeti mmoja unatosha seti moja. Sasa wanafanya seti mbili bila kuambiwa.

Onyo nililosisitiza: aliye na mgongo uliopinda asiinue mzigo kwa kukunja kiuno, hasa huku akijigeuza. Magoti yakunjwe, mzigo ukae karibu na kifua. Ndoo ya lita 20 igawanywe mara mbili, hata kama safari zitaongezeka.

12 Aprili

Mama mfugaji amevunjika mkono.

Ilikuwa Jumatano, uwanjani kwake, mahali tambarare. Alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe, akajikwaa, akajikinga kwa kiganja. Familia ilimpeleka kwa mzee anayeunga mifupa, akakandwa na kufungwa vijiti. Nimepata habari leo Jumamosi. Vidole vilikuwa vimevimba na vya baridi. Tumefungua, tukamfunga ubao mwepesi, tukatafuta gari. Hospitali wamepiga picha: mfupa umevunjika karibu na kifundo. Umevutwa, amewekewa P.O.P (plasta ngumu), arudi baada ya wiki sita.

Kadi yake imeandikwa parasetamoli na tarehe ya kurudi. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mwanamke wa miaka 68 amevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, kwenye ardhi tambarare. Nimeisoma kadi ile ndani ya gari mara tatu. Sina haki ya kumlaumu aliyeiandika. Mikono ya namna hii nimeifunga mimi mwenyewe kwa miaka 34 na kumwambia mwenye mkono, "Pole mama, ndiyo uzee." Wangapi kati yao walirudi miaka michache baadaye na nyonga? Wengine nawakumbuka kwa sura. Kuvunjika kifundo cha mkono ilikuwa nafasi ya kuwashika kabla ya nyonga, na niliwaruhusu waende.

Usiku huu nimeandika barua ya ukurasa mmoja kwa daktari wa kliniki ya mifupa: umri, uzito, OSTA −4.2 (kilo 47), upungufu wa sentimita 5 kati ya mikono na urefu, miaka aliyokoma hedhi, na kwamba alimeza prednisoloni karibu mwaka mzima kwa ajili ya kifua. Dawa hiyo ikitumika miezi mitatu au zaidi hupunguza mifupa, na hilo nimelijua pembeni, kwenye zile dakika za faragha.

1 Mei

Hatukukutana, ni Mei Mosi. Vijana wanane wa kanisa wamefanya kazi ya siku kwenye njia nne za vyoo: ngazi zimekatwa kwenye udongo na kujazwa kokoto, fito za mianzi zimefungwa upande mmoja kwa urefu wa kiuno cha mwenye nyumba. Kila bibi alisimama, fundi akapima kwake. Zimebaki nane.

15 Mei

Tumefundisha la kufanya mtu akianguka na asiweze kusimama, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje. Asiinuliwe kwa makwapa. Asipandishwe bodaboda katikati ya watu wawili, jambo ambalo wote tumeliona likifanyika. Alale, afunikwe blanketi, miguu ifungwe pamoja na mto katikati, abebwe kwa machela. Babu seremala ameahidi machela ya mianzi miwili na magunia. Itakaa kanisani.

Nimeongeza la P.O.P: vidole vikiwa vya bluu, vya baridi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, rudi hospitali usiku huohuo.

29 Mei

Mganga mfawidhi alikuwa nasi, tukazungumza dawa. Ilikuwa kama kutembea juu ya mayai. Mikoa yetu ya nyanda za juu kusini imebeba mzigo mkubwa wa VVU (Njombe jirani zetu walikuwa na 11.4% ya watu wazima kwenye utafiti wa 2016–2017), na waliokuwa vijana wakati ule wa vifo vingi sasa ni wazee wanaoishi vizuri kwa dawa. Tenofovia iliyo ndani ya dawa hizo inaweza kupunguza mifupa kiasi fulani. Tulisema kwa wote, hatukumtazama mtu: anayetumia asiache hata siku moja, ila amwambie mhudumu wa kliniki kwamba anaogopa kuvunjika. Wiki hii wawili wamenijia nyumbani, kila mmoja kwa wakati wake. Hayo yanabaki kwangu.

Dawa za presha nazo: zinaweza kuleta kizunguzungu mtu akiinuka ghafla. Kaa ukingoni mwa kitanda, hesabu hadi ishirini, ndipo usimame.

Mama mfugaji amerudi kutoka kliniki. Daktari alisoma barua. Alipima figo na kalsiamu ya damu, akamwanzishia alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isizidi kupungua, kidonge kimoja cha miligramu 70 kwa wiki. Masharti yake ni makali: asubuhi, tumbo tupu, glasi kubwa ya maji matupu, kisha nusu saa bila kula na bila kulala, la sivyo kinaunguza koo la chakula. Kikundi kimemchagulia Jumapili. Anameza kengele ya kwanza ikilia, anatembea kwenda ibadani akiwa wima, anakula akirudi. Jirani yake anamuuliza mlangoni kama amemeza. Kanishika mkono kwa mkono wake uliotoka kwenye P.O.P, mwembamba kuliko mwenzake. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, na sikuweza kumjibu vizuri.

26 Juni

Baridi. Ukungu haukuinuka mpaka saa tano. Wazee wamevaa sweta juu ya sweta na wanashinda jikoni penye moto, na hapo ndipo inapopotea vitamini D, inayousaidia mwili kupokea kalsiamu, kwa sababu ngozi hutengeneza kwa jua, na ngozi ya mzee hutengeneza kidogo kuliko ya kijana. Tumehamisha viti nje. Jua likitoka, mikono na miundi inaachwa wazi. Mazungumzo yaleyale, mahali pengine.

10 Julai

Tulipeleka taarifa ya nusu mwaka. Ofisi moja imerudisha swali: kwa nini mradi wa kuzuia kuanguka umeanza na mwanguko 1 na sasa una 16? Niliumia kidogo, lakini swali ni la haki kwa mtu anayesoma jedwali peke yake. Nimejibu kwa barua. Hii 1 ya Februari ni idadi ya walioinua mkono. Hizi 16 ni idadi ya waliosema mahali, saa, viatu walivyovaa na walichobeba. Saba zilitokea kabla hatujaanza. Katika tisa za tangu Februari, tano zilikuwa njia ya chooni na zote kabla ya fito kufungwa pale. Tangu fito zifungwe, kwenye njia zile hatujaandika hata mmoja.

Nimeambatanisha picha ya karatasi ya manila. Nadhani inaeleza vizuri kuliko mimi.

7 Agosti

Kipimo cha kiti tena. Waliotumia sekunde 12 au zaidi walikuwa 11 mwezi wa Februari, leo ni sita. Babu mmoja ametuacha Juni kwa nimonia, kwa hiyo tunahesabu kwa watu 16. Kiti chake tumekiacha mahali pake.

Njia za vyoo: 9 kati ya 12. Ngazi za kanisa zimepata pa kushika.

19 Agosti

Si siku ya kikundi. Jioni mjukuu wa bibi wa ndizi, mtoto wa darasa la tatu, amefika mlangoni akihema. "Shikamoo bibi. Bibi anasema ameanguka, hajaumia, anataka uandike."

Nimekwenda naye. Bibi alikuwa amekaa nje juu ya kiti, siyo kigoda, akimenya viazi. Amenionyesha kiganja na goti, akanyoosha miguu nilinganishe. Nikamuuliza kuhusu mwanawe wa Mwanjelwa. Amesema ameshampigia simu yeye mwenyewe, kabla ya kunitumia mtoto.

Wa 17. Saa kumi na moja na nusu, bombani, penye jiwe jipya ambalo vijana walilipanga wiki iliyopita; linacheza upande wa kushoto. Ndoo ya lita 10. Viatu vya kufunga. Kiganja kimechubuka, kifundo kizima, nyonga nzima. Jiwe lile litolewe kesho asubuhi kabla watu hawajaanza kuchota.